Tyubu Moja kwa Kila Muwasho

Vitunguu vya Lumuma huacha alama mikononi mwa wanaovivuna. Bonde hili la wilaya ya Kilosa, mpakani na Mpwapwa, linaishi kwa maji ya mfereji na kwa zao hilo, na siku za mavuno familia nzima huamkia kwenye majaruba: kung'oa, kuanika, kukata majani, kuchambua, kujaza magunia. Anayetumia mkono wa kulia hushika kisu kwa mkono huo, kitunguu anakishika kwa kushoto. Maji ya kitunguu basi hukolea kwenye gumba, kidole cha shahada na kidole cha kati cha mkono wa kushoto, saa baada ya saa. Ngozi ya ncha za vidole hivyo hukauka, huwa ngumu, huchanika mistari mistari, na jioni mtu akikamulia ndimu kwenye mboga anaruka kwa uchungu. Daktari wa ngozi akiviona vidole vitatu vya namna hiyo, huku vya mkono wa pili ni vizima, swali lake la kwanza huwa ni la shamba au la jiko.

Hiyo ni ngozi iliyocharuka. Kinga ya mwili imeona adui, imeita damu na chembechembe zake mahali pale, na matokeo yake ni joto, muwasho, kuvimba, magamba na nyufa. Wengi huiita pumu ya ngozi. Kuna inayotokana na kazi kama hii, kuna ya watoto ambayo hukaa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na kuna soriasisi, ambayo huweka mabaka mazito yenye magamba meupe magotini, viwikoni na kichwani. Sababu zake hazifanani, lakini zote ni ngozi iliyocharuka, na zote zina dawa moja kubwa ya kupaka: steroidi. Katika sura hii nitaitetea dawa hiyo, kisha nitaeleza kwa nini ninaiogopa ikiwa mikononi mwa mtu asiyejua ameshika nini.

Sikiliza mazungumzo ya aina inayosikika kila wiki kwenye duka la dawa muhimu la kijijini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipe ile ya kupaka, ya muwasho."

"Muwasho wa wapi, mama?"

"Wa mikono. Na mjukuu wangu ana mashilingi kichwani, nitampaka hiyo hiyo."

Muuzaji aliyeuliza "wa wapi" amefanya nusu ya kazi ya daktari. Nusu iliyobaki ni kumwambia mama huyo, kwa heshima lakini bila kumumunya maneno, kwamba dawa itakayomponya mikono itamharibia mjukuu kichwa. Mashilingi ni fangasi. Steroidi hutuliza kinga ya mwili, na kinga ndiyo inayopambana na fangasi. Ukiituliza, muwasho unapungua siku mbili tatu, kila mtu anafurahi, kumbe fangasi wamefunguliwa mlango. Mwaka 1968 madaktari wawili wa Uingereza, Ive na Marks, waliandika juu ya wagonjwa wa namna hii: fangasi waliopakwa steroidi hadi wakapoteza sura yao ya kawaida, ile duara yenye ukingo ulioinuka, wakaenea kimyakimya mwilini bila hata daktari kuwatambua. Zaidi ya miaka 50 baadaye jambo hilo ni la kila siku. Watafiti Komba na Mgonda walipowapima watoto wa shule za msingi jijini Dar es Salaam na kuchapisha matokeo mwaka 2010, walikuta zaidi ya nusu wana tatizo fulani la ngozi, na fangasi walikuwa mbele. Kwa hiyo mtoto wa Kitanzania anayejikuna ana uwezekano mkubwa wa kuwa na ugonjwa ambao steroidi huuchochea.

Zipo krimu zinazochanganya dawa tatu ndani ya tyubu moja: ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali. Zimependwa sana, na ninaelewa kwa nini. Ugonjwa wowote utakaoupaka, kitu kimojawapo kitafanya kazi kidogo. Lakini mchanganyiko huo haufai kuwa dawa ya nyumba. Steroidi iliyomo humo mara nyingi ni kali, ya kutumiwa siku chache chini ya uangalizi, nayo inapakwa kinenani, kwapani, na usoni pa mtoto, kwa miezi. Fangasi wanapungua bila kuisha, mtu anaacha, wanarudi, ananunua nyingine. Ngozi ya kinena inakuwa nyembamba na kupata michirizi ambayo haitafutika tena maisha yake yote.

Tuirudie historia kidogo, maana inaonyesha ubora wa dawa hii. Mwaka 1948, katika Mayo Clinic huko Marekani, Philip Hench alimchoma mgonjwa wa baridi yabisi sindano ya homoni ambayo mwenzake Edward Kendall alikuwa ameitenga kutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo. Mwanamke aliyekuwa hawezi kugeuka kitandani akatembea baada ya siku chache. Mwaka 1950 wawili hao, pamoja na Tadeus Reichstein wa Uswisi, walipewa Tuzo ya Nobeli. Homoni ile ya kwanza ilipopakwa kwenye ngozi haikufanya kitu. Mwaka 1952 Marion Sulzberger na Victor Witten wa New York wakaonyesha kwamba ndugu yake, haidrokotisoni, ikipakwa inatuliza ngozi iliyocharuka. Kabla ya hapo wenye pumu ya ngozi walipakwa lami na kufungwa bendeji. Baada ya hapo wakaanza kulala usiku. Haidrokotisoni ni homoni ambayo mwili wako mwenyewe huitengeneza kila siku, hivyo wanaosema steroidi ni sumu ya kizungu wanakosea.

Shida ilikuja na nguvu. Viwanda vilibadilisha umbo la homoni hiyo kidogo kidogo ili iwe kali zaidi. Miaka ya 1960 ikaja betamethasoni, miaka ya 1970 klobetasoli, ambayo ni kali kuliko haidrokotisoni kwa mamia ya mara. Angalia sasa kinachotokea dukani: zote tatu ni tyubu ndogo, zote ni krimu nyeupe, na bei hazipishani kiasi cha kumshtua mnunuzi. Namba iliyoandikwa pale inadanganya zaidi. Haidrokotisoni huandikwa 1%, klobetasoli 0.05%, na mtu mwenye akili timamu ataamini kwamba ya asilimia 1 ndiyo kali. Ni kinyume chake. Usisome asilimia, soma jina. Kwenye boksi jina huwa kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara, kwa hiyo tafuta linavyoanza. Likianza na "hydro" na kufuatiwa na "cortisone", hiyo ni nyepesi. Likianza na "beta", ni kali. Likianza na "clob" na kuishia na "sol", ni kali kupita zote, na haitakiwi kuingia nyumbani bila maelekezo ya daktari.

Nguvu peke yake haitoshi, kwa kuwa ngozi ya mwili haina unene mmoja. Mwaka 1967 Feldmann na Maibach walipaka haidrokotisoni sehemu mbalimbali za miili ya watu wakapima ni kiasi gani kinapenya. Wakichukua kigasha kuwa kipimo, paji la uso lilipitisha mara 6 zaidi, taya mara 13, na pumbu mara 42. Unyayo ulipitisha chini ya sehemu moja ya tano. Ukizishika namba hizo kichwani huhitaji tena kukariri sheria nyingi. Kiganja cha mvuna vitunguu, kilichokomaa kwa jembe, kinahitaji steroidi kali, na ukikipaka haidrokotisoni mwezi mzima utaishia kusema dawa hazifai. Uso, kope, kwapa, kinena na sehemu za siri zinatakiwa kupata ile nyepesi tu, siku 5 hadi 7, kisha basi. Kope hasa: steroidi ikipakwa karibu na macho muda mrefu inaweza kupandisha presha ya jicho, na presha hiyo hupofusha bila maumivu.

Mtoto mchanga naye ana ngozi nyembamba, na mwili mdogo wenye eneo kubwa la ngozi ukilinganisha na uzito wake. Ukimpaka ile kali kila siku, dawa inaingia kwenye damu, tezi zake zinaona homoni imejaa, zinaacha kutengeneza ya kwake. Uso unavimba na kuwa mviringo, majirani wanamsifia kunenepa, kumbe urefu wake umedumaa. Nepi na kaptura za plastiki huongeza upenyaji maradufu kwa kuwa zinafunika na kuziba hewa. Vipele vya nepi kwa kawaida vinataka hewa, usafi na mafuta ya mgando. Kwa mtoto chini ya mwaka mmoja, hata ile nyepesi ipakwe baada ya mhudumu wa afya kumwona.

Sasa kipimo, jambo ambalo wengi hawajawahi kuelezwa na mtu. Mwaka 1991 Long na Finlay wa Cardiff, Uingereza, walichapisha njia rahisi ambayo inafaa kijijini kuliko mizani yoyote. Kamua tyubu kwenye kidole cha shahada cha mtu mzima, mstari mmoja kutoka ncha ya kidole hadi mkunjo wa kwanza. Mstari huo una nusu gramu hivi, nao unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwemo. Mkono mzima kutoka kifundoni hadi ncha za vidole, mbele na nyuma, ni mstari mmoja. Uso na shingo ni miwili na nusu. Mguu mmoja, bila wayo, ni sita.

Fanya hesabu ya mvunaji wetu. Mikono miwili ni mistari miwili, yaani gramu 1. Akipaka mara moja kwa siku, tyubu ya gramu 15 inamfikisha siku 15. Ikiisha kwa siku tatu, anajipaka kama losheni. Ikikaa miezi minne, anadonoa tu, na ngozi haitapona. Kudonoa huku ni kosa linalosahaulika. Katika vijiji vyetu wengi walioshindwa na dawa hii wameshindwa kwa kuwa waliitumia kidogo mno: tone dogo leo, kesho kusahau, keshokutwa kuazima kwa jirani. Wengine waliitumia kwa wingi mahali pasipotakiwa. Sina hakika ni kundi gani linateseka zaidi, lakini la kwanza halizungumzwi.

Namna ya kupaka ni hivi. Oga au nawa kwa maji yasiyo moto, kwa sabuni isiyo kali, au bila sabuni kabisa palipochanika. Jifute kwa kubonyeza taulo. Paka mafuta ya mgando, ngoja robo saa au nusu saa, kisha dawa juu ya sehemu iliyocharuka tu. Mara moja kwa siku inatosha kwa dawa nyingi kali, mara mbili ni kwa maelekezo. Endelea hadi ukipitisha kidole ngozi iwe laini, pasiwe na uvimbe wala ukwaruzo, kwa kawaida wiki moja au mbili, na kwa viganja hadi wiki nne. Kisha acha dawa. Mafuta usiyaache, yapake kila siku, mwaka mzima.

Hapa kwenye kuacha ndipo ngozi nyeusi inapotuchanganya. Vitabu vingi vya madaktari viliandikwa kwa ngozi nyeupe, na ndiyo maana vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu uvimbe huonekana kama weusi uliokolea, kijivu, au vipele vidogo vidogo vilivyojipanga kwenye vinyweleo. Na ugonjwa ukiisha, doa jeusi linabaki kwa miezi. Mgonjwa analiona, anadhani hajapona, anaendelea kupaka steroidi kali ili liondoke. Doa hilo ni kovu la rangi tu, na dawa yake ni muda. Kwa hiyo amua kwa kugusa, usiamue kwa kutazama: pakiwa laini, umepona, hata kama pana doa.

Steroidi hung'arisha ngozi kwa muda, na sifa hiyo ndiyo imeipeleka kwenye mkorogo. Wanaojichubua huchanganya krimu za klobetasoli au betamethasoni na losheni nyingine, wakapaka mwili mzima, kila siku, kwa miaka. Sheria ya Tanzania haikuachia jambo hili. Vipodozi vyenye steroidi, haidrokwinoni au zebaki vimepigwa marufuku, na mwaka 2019, Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) ilipogeuzwa kuwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), usimamizi wa vipodozi ulihamia Shirika la Viwango (TBS). Bado vinapita njia za panya. Madhara yake tunayaona sokoni na misibani: mashavu yenye mishipa midogo myekundu, chunusi zisizoisha, nywele kidevuni, ngozi inayochanika kwa kugongwa kidogo na kukataa kushika mshono hospitalini. Anayejichubua akiacha ghafla, uso unawaka moto, anarudia kupaka ili kuutuliza, na hapo ndipo amefungwa. Mtu wa namna hiyo anahitaji kusaidiwa kuacha polepole. Kumcheka kunamrudisha kwenye kopo lake.

Ubaya wa pili wa mkorogo ni kwamba umeipaka matope dawa halali. Mama aliyeandikiwa haidrokotisoni kwa ajili ya mtoto wake anaambiwa na wifi yake, "Hiyo ni ile ya kujichubulia, utamuunguza," anaiweka juu ya kabati, na mtoto anajikuna hadi anatoka damu, bakteria wanaingia, anaanza homa. Madhara niliyoyaeleza hutokana na dawa kali mno kwa mahali pale, au kwa muda mrefu mno, au kwa ugonjwa usiostahili. Dawa nyepesi, kwa wiki moja, kwenye pumu ya ngozi ya mtoto aliyepimwa, ina usalama unaojulikana kwa zaidi ya miaka 70.

Kabla ya kupaka basi, hakikisha ugonjwa. Muwasho unaozidi usiku, ulio katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, na watu kadhaa wa nyumba moja wanajikuna, ni upele wa wadudu. Nyumba nzima itibiwe siku moja. Duara yenye ukingo ni fangasi. Vidonda vyenye usaha au maganda ya rangi ya asali ni bakteria. Na liko moja ambalo silipitishi bila kulitaja: baka lililopauka ambalo haliwashi, na ukiligusa kwa pamba mtu hahisi. Huo unaweza kuwa ukoma. Tanzania bado hupata wagonjwa wapya kila mwaka, dawa zake ni bure, na kila mwezi unaopotea kwa kupaka krimu ni mwezi ambao mishipa ya fahamu inakufa.

Wa Lumuma wataniambia daktari wa ngozi yuko wapi, na wana haki. Zahanati ndiyo ya kwanza, kisha Hospitali ya Wilaya ya Kilosa, au kwa waliotelemkia barabara kuu ya Zambia, Hospitali ya St. Kizito pale Mikumi. Mabingwa wa ngozi nchini ni wachache, ingawa tangu 1992 kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika kazi hii. Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyafanya magonjwa ya ngozi kuwa kipaumbele. Ningependa azimio hilo lifike hadi kwenye kabati la dawa la zahanati, kwa umbo la haidrokotisoni na betamethasoni zilizopo muda wote, na mafuta ya mgando ya kutosha. Kijiji chenye mafuta ya kutosha kinahitaji steroidi kidogo.

Kwa mvunaji, kinga inaanza shambani. Glovu zisizopitisha maji, na ndani yake glovu za pamba, kwa kuwa jasho likizibwa nalo linachubua. Anayechambua abadilishe mkono, na mchana abadilishane kazi na mwenzake. Kunawa sumu ya kupulizia mara tu baada ya kazi. Mafuta kabla ya kulala, hata kama mikono imechoka. Steroidi kali inayopakwa jioni kwenye mkono unaorudi kwenye vitunguu asubuhi bila glovu itatuliza wiki hii na kushindwa wiki ijayo, na mtu ataongeza dawa wakati kilichotakiwa kuongezwa ni kinga.

Ikiwa wewe au wa kwako mmepaka steroidi kali kila siku kwa miezi, msiache leo kwa kuogopa sura hii. Nendeni na boksi lake kwa mhudumu wa afya, mpangiwe namna ya kushuka, hasa kwa mtoto, maana tezi zilizolala zinahitaji muda kuamka. Mtoto wa aina hiyo akiumwa homa, kutapika au kulegea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na anayempokea aambiwe kuhusu krimu hata asipouliza.

Na wewe uliye na tyubu nyumbani, juu ya kabati au chini ya mto, itoe sasa hivi. Soma lile jina dogo, angalia tarehe ya kuisha muda, kisha jiulize ni nani aliyekuandikia, kwa ugonjwa gani, na alisema uache lini. Kama jibu la mojawapo hulijui, tyubu hiyo usiipake tena wala usimwazime jirani mpaka uwe umeulizia zahanati.